Vipande 3,100 kwa bei ya vigae kumi? Tuwalipe mafundi wa mozaiki kama wasanii

Ukifuata Barabara ya Kangundo kutoka Nairobi, ukapita Njiru, Ruai, Kamulu, Joska na Malaa hadi Tala na Kangundo kwenyewe, kitu kimoja utakiona njia nzima: watu wanajenga. Kuna nyumba zilizofika kwenye lenta, kuna zilizoezekwa lakini bado hazina madirisha, na kuna zile ambazo zimebakisha kazi ya ndani tu. Nyingi kati ya hizo zinasukumwa na vijana, ama wamenunua ploti wenyewe, ama wanatuma hela nyumbani ili wazazi wapate jikoni la maana. Na zamu ya jikoni ikifika, simu inatolewa mfukoni, picha ya Pinterest ama TikTok inafunguliwa, kisha fundi anaambiwa: "Nataka kama hii."

Picha yenyewe mara nyingi ni ya ule ukanda wa ukuta ulio kati ya kaunta na kabati za juu, pale nyuma ya sinki na jiko. Umepambwa kwa vipande vidogo vidogo vya kioo, kijani hapa, bluu pale, rangi ya asali kule. Hiyo ndiyo mozaiki ya kioo. Inang'aa, mafuta ya chapati hayaingii ndani yake, unapangusa kwa kitambaa kimoja na kazi imeisha. Na kama imechorwa kwa ajili ya jikoni lako pekee, hakuna jirani atakayekuwa na ukuta kama huo.

Noma huanza na swali linalofuata: "Fundi, unachaji ngapi kwa mita?"

Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo linaloiua kazi hii kabla haijaanza. Mozaiki iliyotengenezwa kwa mkono si vigae. Tukizidi kuilipia kama vigae, tutabaki na ukuta uliofanywa ovyo na fundi kijana aliyekata tamaa, akauza vifaa vyake na kwenda kuendesha bodaboda.

Tufanye hesabu, maana hili ni jambo la hesabu kabla ya kuwa jambo la sanaa. Chukua ukanda wa kawaida, urefu mita 3 na kimo nusu mita. Hiyo ni mita mraba 1.5. Ukiweka vigae vya sentimita 30 kwa 60, unahitaji safu mbili za vigae vitano vitano. Vigae kumi. Fundi mzuri anaanza asubuhi na anamaliza kabla chai ya saa kumi haijapoa.

Sasa weka mozaiki ya vipande vya sentimita 2 kwa 2, ukiacha nafasi ya milimita 2 kati ya kipande na kipande. Mita mraba moja inakula vipande zaidi ya 2,000. Ukanda wako wote unakula vipande kama 3,100. Kila kimoja kimekatwa, kimelainishwa ukingo, kimechaguliwa rangi na kuwekwa mahali pake. Tuseme kila kipande kinachukua dakika moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hizo ni saa zaidi ya 51. Kwa siku ya saa nane za kazi, ni siku sita na nusu, na bado hatujahesabu kuchora, kujaza grauti wala kusafisha.

Tuendelee na mfano huo. Tuseme fundi wa vigae analipwa Sh400 kwa mita mraba. Kwa bei hiyo ukanda wako ni Sh600. Wewe ni mteja mkarimu, unamwongezea mara tano, unampa Sh3,000 na kujipongeza. Gawa kwa siku sita na nusu. Ni kama Sh460 kwa siku, kwa mtu mwenye jicho la rangi, mkono uliotulia na vidole vilivyojaa plasta. Mjengoni, kijana anayebeba mawe bila kuhitaji mchoro wowote anaweza kukataa hela hiyo, na hakuna atakayemwona ana madharau.

Ndiyo maana nasema kipimo chenyewe kimekosewa. Mita ni kipimo cha ukuta. Haipimi kazi.

Wengine watasema fundi ajifunze kukimbia kidogo. Basi tuangalie kinachofanyika ukiharakisha mozaiki ya kioo, kwa sababu kioo ni mshenzi kuliko kigae. Kigae kinaficha makosa yaliyo nyuma yake, kioo kinayaonyesha. Ukibandika kioo kinachopenyeza mwanga kwa gundi ya vigae ya kijivu, rangi yote inafifia na kuwa kama maji ya mtaro. Inatakiwa gundi nyeupe, na ni lazima isawazishwe vizuri, la sivyo mistari ya mwiko wenye meno itaonekana kupitia kioo maisha yako yote. Wengine wanapaka rangi nyuma ya kioo ili kuokoa pesa. Gundi hapo inashika rangi, haishiki kioo. Siku rangi ikibanduka, kipande kinaanguka nayo, pengine ndani ya sufuria ya muthokoi.

Halafu si kila kioo kinakatika. Kioo cha dirisha la pembeni la gari kimepikwa kwa joto ili kiwe kigumu, na ukijaribu kukikata kinapasuka chote na kuwa punje. Vipande vya kioo cha kujitazamia vinapendeza siku ya kwanza, lakini unyevu ukiingia ukingoni vinaota madoa meusi. Ukuta nao una masharti yake. Plasta lazima iwe imekauka na kunyooka, na kama ulipaka rangi ya mafuta, ikwaruzwe kwanza. Gundi inahitaji kuachwa ikauke, kwa kawaida siku nzima, kabla ya grauti kuguswa. Pale kaunta inapokutana na ukuta panajazwa silikoni, maana grauti hupata nyufa kwenye kona hiyo. Na jiko lisisukumwe hadi likagusa kioo. Nafasi ndogo kati ya moto na ukuta inakupunguzia lawama.

Fundi anayejua yote hayo ana ujuzi. Asiyeyajua atakufanyia kwa siku mbili, na baada ya msimu mmoja wa mvua utamtafuta kwa simu isiyopatikana.

Kitu cha pili kinachotukosesha ni fikra kwamba mozaiki ni mambo ya kigeni, kwamba sisi kazi yetu ni kunakili tu. Si kweli hata kidogo. Waswahili wa pwani walikuwa wakipamba kuta kwa vitu vinavyong'aa karne nyingi kabla ya simu kuwapo. Nenda Mambrui, kaskazini mwa Malindi, au Kunduchi kule Dar es Salaam, utakuta makaburi ya kale yenye nguzo, na kwenye nguzo hizo mabakuli ya kaure kutoka Uchina yalipachikwa ndani ya chokaa. Katika nyumba za zamani za Lamu kuna zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa ukutani safu kwa safu, vikiwa na plasta iliyochongwa kwa uangalifu, ambamo watu waliweka vyombo vyao vya thamani. Aliyeifanya kazi hiyo aliitwa fundi, na neno hilo lilikuwa na heshima yake.

Sisi wa Machakos nasi tuna hadithi yetu, na inaanzia Wamunyu. Mutisya wa Munge aliondoka nyumbani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akakaa Tanganyika, akajifunza kuchonga sanamu za mti kutoka kwa Wazaramo. Aliporudi, ujuzi wa mtu mmoja ukawa kazi ya kijiji, kisha ukawa kazi ya maelfu ya Wakamba hadi Nairobi na Mombasa. Leo ukisema vinyago vya Kenya, watu wanafikiria Ukambani.

Lakini hadithi hiyo ina upande mchungu, na ndio unaotuhusu. Mchongaji mmoja mmoja aliyekaa kando ya barabara alikuwa rahisi kupunjwa. Dalali alikuja, akanunua kwa bei ya kuni, akaenda kuuza kwa bei ya sanaa. Wachongaji walipata afueni walipoungana katika vyama vya ushirika, kama Akamba Handicraft kule Changamwe, Mombasa, ambako mteja anakuta bei imeandikwa na hawezi kumtisha mchongaji mwenye njaa. Ujuzi wao haukubadilika. Kilichobadilika ni jinsi ulivyowekewa bei.

Kioo chenyewe kimeshathibitisha kwamba kinaweza kulipa hapa kwetu. Kule Kitengela, Kaunti ya Kajiado, ng'ambo ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, msanii Nani Croze alianzisha karakana ya vioo vya rangi na mozaiki zaidi ya miaka 40 iliyopita, na baadaye mwanawe Anselm akaanzisha upande wa kupuliza kioo cha moto. Sehemu kubwa ya malighafi yao ni kioo chakavu, vile vipande ambavyo kwingine vingetupwa. Arusha kuna Shanga, karakana inayoajiri watu wenye ulemavu wanaogeuza chupa zilizotumika kuwa glasi, shanga na mapambo. Anayeingia mahali pale hatoi futi kamba aulize bei kwa mita. Anajua ananunua mkono wa mtu.

Kwa nini basi mkono uleule ukiwa Kangundo, ndani ya ovaroli yenye simiti, tunaupimia kwa futi kamba?

Nitakuambia ninavyoona. Fundi wa mjengo tumemweka kwenye boksi la "kibarua", na msanii tumemweka kwenye boksi la "maonyesho ya Nairobi". Hatujazoea mtu mmoja awe yote mawili. Lakini dunia inawajua watu wa namna hiyo. Simon Rodia, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa fundi wa mjengo huko Los Angeles, Marekani, alianza mwaka 1921 kujenga minara uani kwake, akaifunika kwa vipande vya chupa, vigae na makombe, na hakuacha hadi 1954. Minara hiyo ya Watts leo inalindwa kama urithi wa taifa. Hakuwa amesomea sanaa popote. Alikuwa na koleo, simiti na chupa ambazo wengine walizitupa.

Na vioo vya kutupwa Kangundo havijaisha. Chupa za soda na bia nyingi hurudishwa kwenye kreti, lakini za mvinyo na pombe kali hazina kwao. Zinaishia kwenye mitaro, majalala na mashambani, ambako mtoto anayetoka shule pekupeku ndiye anayezigundua. Ongeza karakana za madirisha ya alumini, ambazo siku hizi ni vigumu kupata mji usio nayo. Kila dirisha likikatwa, kuna ukanda wa kioo unaobaki ambao hautoshi dirisha lingine lolote. Kwa mwenye karakana hiyo ni taka ya kumsumbua. Kwa fundi wa mozaiki ni malighafi, na akiomba kwa adabu anaweza kuipata bure ama kwa bei ya kutupa. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka tangu 2022, na inatutaka tutenganishe taka na kuzitumia tena. Hapa kuna njia ya kuitii sheria hiyo ambayo pia inamlipa mtu mshahara.

Kwa hivyo, wewe unayejenga, haya ndiyo ninayokuomba.

Acha kuomba bei ya mita. Omba bei tatu: ya mchoro, ya vifaa na ya kazi. Mchoro ulipiwe peke yake, hata kama hatimaye hutaendelea na kazi. Tena ukishalipia mchoro, usiutume kwa fundi mwingine kwenye WhatsApp ukimuuliza, "Hii utanifanyia kwa ngapi?" Watu hufanya hivyo mchana kweupe na kuona wamekuwa wajanja. Mchoro ni kazi ya sanaa, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda kama inavyolinda wimbo ama kitabu. Hata bila sheria, unajua jina la mtu anayevuna shamba asilolima.

Halafu agiza kipande cha mfano, na ukilipie. Sentimita 30 kwa 30 ni vipande 186 hivi. Fundi ataweza kukimaliza kwa nusu siku. Hapo utaona ukingo wake ni mkali ama ni laini, mistari imenyooka ama imelewa, rangi zinaelewana ama zinagombana. Ukikipenda, endelea. Usipokipenda, umepoteza hela kidogo badala ya kupoteza ukuta mzima, na yeye hajafanya kazi bure.

Ukikubaliana naye, andikeni. Karatasi moja inatosha: ukubwa, rangi, siku, malipo ya kwanza, malipo ya mwisho. Pesa zipitie M-Pesa ili kila mmoja abaki na ujumbe. Maneno ya "tutaongea tu, fundi wangu" yamevunja urafiki mwingi kuliko deni la duka.

Najua kuna anayesoma hapa akisema: "Sawa, lakini mimi doo sina. Najenga pole pole, na mozaiki ya siku tisa nitaitoa wapi?" Swali la haki. Tukichukua mfano wa Sh1,500 kwa siku, siku moja ya mchoro, sita na nusu za vipande na moja na nusu ya grauti na usafi, unafika Sh13,500 za kazi, na bado vifaa. Si hela ndogo.

Jibu si kumkandamiza fundi hadi afike bei yako. Punguza kazi. Weka vigae vya kawaida, vile vinavyotengenezwa hapa hapa Athi River, kisha katikati yao upitishe mkanda mmoja wa mozaiki wa kimo cha sentimita 10. Kwa ukuta wa mita 3, huo ni vipande kama 620, kazi ya siku moja na kidogo ya kukata na kupanga. Ama fanya nyuma ya jiko peke yake, pale macho yanapotua. Mkanda mwembamba uliofanywa vizuri unashinda ukuta mzima uliofanywa kwa hasira.

Na kama hata huo hutaki kuulipia, kuna mozaiki za kiwandani zilizobandikwa kwenye wavu, za sentimita 30 kwa 30. Nunua, bandika, furahi. Hakuna dhambi hapo. Ila usije ukamwambia fundi wa mkono ashindane na mashine kwa bei halafu aishinde kwa urembo.

Sasa tuwageukie mafundi, kwa sababu lawama haiko upande mmoja. Wasee, heshima ya msanii haitafutwi kwa maneno. Ukimwahidi mteja siku mbili wakati unajua ni tisa, umejipunja mwenyewe kabla yeye hajakupunja. Ukipokea malipo ya kwanza ukaenda kuyatumia kwa kazi nyingine, umewaharibia jina wenzako wote. Piga picha kila kazi, kabla na baada, na uziweke mahali mteja anaweza kuziona. Weka alama yako kwenye kona ya chini, hata kama ni kipande kimoja tu cha rangi yako. Nenda ufanye mtihani wa ufundi wa NITA ili ujuzi wako uwe na karatasi. Na kama mko watatu ama wanne Kangundo na Tala, kaeni chini mkubaliane bei ya chini kabisa ambayo hakuna atakayeivunja. Wachongaji walishatuonyesha njia.

Zaidi ya yote, lindeni miili yenu. Kioo kikikatwa kinarusha vipande usivyoviona hadi viwe jichoni. Miwani ya kinga, glavu, viatu vilivyofunga. Ukingo ulainishwe kwa msasa wa maji ama jiwe la kunolea lililoloweshwa, si pakavu, na ukichanganya grauti vaa barakoa. Vumbi hilo si rafiki wa mapafu. Bei yako iwe na nafasi ya vitu hivi pia. Mteja anayelipia kazi lakini hataki kulipia macho ya anayeifanya, mwache aende.

Kuna jambo moja zaidi linalonifanya niipiganie kazi hii kuliko nyingine za mjengo. Sehemu kubwa yake hufanyika mezani. Unachora kwenye karatasi ya ukubwa kamili, unatandaza wavu juu yake, unabandika kipande kwa kipande, kisha unabeba vibao vilivyokamilika hadi kwenye nyumba na kuviweka ukutani kwa siku moja ama mbili. Maana yake, msichana anayekwepa matusi na vishawishi vya mjengoni anaweza kuifanyia nyumbani kwao. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuifanya mtoto akilala. Kijana anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuwa bingwa wa mji. Ni kazi ngapi za ujenzi zinazoweza kusema hivyo?

Na michoro? Tuache kununua mawimbi ya bahari tusiyoishi kando yake. Panda mlima wowote wa Kangundo asubuhi utazame ng'ambo. Matuta ya fanya juu yamepanda mteremko mstari juu ya mstari, kijani juu ya kahawia, kazi ya mikono ya mababu na nyanya zetu waliokataa udongo wao uende na maji. Hiyo ni mozaiki tayari. Kuna punje nyekundu za kahawa kwenye majani ya kijani kibichi. Kuna mistari ya kiondo cha mkonge. Kuna jekundu la udongo wenyewe baada ya mvua. Chupa ya kahawia, chupa ya kijani, ukanda wa kioo cheupe cha dirisha, na una sehemu kubwa ya rangi unazohitaji.

Kwa hivyo, ukifika zamu ya jikoni, msomaji wangu, onyesha picha yako ya simu ukitaka. Lakini baada ya hapo irudishe mfukoni, umuulize fundi: "Wewe ungeniwekea nini hapa, na itakuchukua siku ngapi?" Kisha nyamaza umsikilize. Siku atakazokutajia, hizo ndizo utakazolipia.